Kuchagua maskara inayozifaa kope zako: mwongozo kamili, kuanzia kioo hadi kichupa

Vichupa vya maskara vinafanana kwa ahadi. Hiki kinajaza, kile kinarefusha, cha tatu kinakunja, na cha nne kinasema kitafanya yote kwa saa 24 bila kuchoka. Ukiyafuata maandishi ya nje utanunua vyote vinne, na jioni bado utakuta kivuli cheusi chini ya macho. Nafuu ipo kwa kuanzia upande wa pili: zijue kope zako, jua ni kitu gani kinachoiharibu maskara usoni mwako, amua utaiondoaje usiku, ndipo uingie dukani. Nitafuata mpangilio huo, na nitakaa zaidi kwenye suala la maskara kuchafua ngozi, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wengi wanunue aina isiyo yao.

Hatua ya kwanza: zitazame kope zikiwa tupu

Osha uso, ukaushe, kaa karibu na dirisha mchana. Shika kioo kidogo usawa wa kifua, kisha kitazame kwa kushusha macho bila kuinamisha kichwa. Kioo kikiwa mbele ya uso, kope za juu zinakielekea moja kwa moja na urefu wake unajificha; ukishusha macho zinaonekana zote, toka shinani hadi nchani.

Kwa kawaida mtu ana kope 90 hadi 150 hivi kwenye ukingo wa juu wa kila jicho, zenye urefu wa milimita 8 hadi 12. Za chini ni kama 70 hadi 80, na urefu wake ni milimita 6 hadi 8. Huna haja ya kuzihesabu. Unachotafuta ni tabia yake: zinaelekea wapi, zimekaribiana kiasi gani, ncha zake zinaonekana au zimepauka, na ukifumbua jicho zinagusa ngozi ya juu au haziigusi.

Kope zilizonyooka, hasa zinazoelekea chini, ndizo zinazosumbua kuliko zote. Unazikunja vizuri kwa kikunja kope, unapaka maskara, na kabla hujamaliza kuvaa zimelala tena. Mkosaji ni maji yaliyomo kwenye maskara yenyewe. Umbo la unywele linashikiliwa kwa sehemu na vifungo dhaifu vya kikemia viitwavyo vifungo vya haidrojeni, na vifungo hivyo hufunguka unywele unapolowa. Ndiyo sababu nywele zilizonyooshwa kwa pasi hurudi zilivyokuwa zikinyeshewa. Maskara ya kawaida ina maji mengi, kwa hiyo inaulowesha ukope na kuufungua mkunjo uliotoka kuutengeneza. Maskara iliyoandikwa "waterproof", yaani isiyofunguka kwa maji, ina maji kidogo sana au haina kabisa, inakauka upesi, na nta zake zinaushika ukope pale ulipo. Mwenye kope zilizonyooka ana sababu ya kuinunua hata kama hatoki jasho wala halii.

Kope zinazojikunja zenyewe zina shida ya kinyume. Mkunjo upo tayari, ila zinasokotana, na maskara nzito inazigandisha makundi makundi. Hizi zinataka maskara nyepesi, yenye majimaji kidogo, na brashi inayochana. Achana na kikunja kope, na achana na maandishi ya "curling". Utakuwa unalipia kitu ulichozaliwa nacho.

Kope fupi zinahitaji kurefushwa, na hapo pana njia mbili. Maskara nyingine zina nyuzi ndogo sana za nailoni au reyoni zinazonata kwenye ncha na kuongeza urefu. Nyingine hazina nyuzi. Zinategemea polima, yaani kemikali zinazokauka na kuwa utando, zinazoupaka ukope hadi kwenye ncha ile nyembamba iliyopauka ambayo jicho la mtu wa mbele yako halioni. Mimi naipendelea njia ya pili. Nyuzi zinapendeza asubuhi, lakini mchana huanza kudondoka, na mahali zinapodondokea ni ndani ya jicho.

Kope chache, zenye nafasi kati yake, zinataka unene, yaani maskara yenye nta nyingi iliyoandikwa "volume". Hapa watu huteleza: wanaona kope chache, wanapaka tabaka nne, kope chache zinagandana na kuwa chache zaidi. Tabaka mbili zikolezwe shinani, ncha ziachwe nyepesi. Kope chache pia hunufaika na wanja mwembamba uliopakwa katikati ya mashina, kwa sababu nafasi zile tupu ndizo zinazoonekana.

Na kope ndefu, nyingi, nyeusi? Nunua maskara ya bei ndogo kuliko zote kwenye rafu, ya kawaida kabisa, au hata ile isiyo na rangi. Huna tatizo la kutatuliwa.

Hatua ya pili: jua kama unapambana na maji au mafuta

Mtu anaona weusi chini ya jicho saa nane mchana. Anafikiri: maskara yangu haistahimili. Ananunua "waterproof". Weusi unabaki palepale, labda unaongezeka. Anahitimisha kwamba maskara zote ni mbaya. Ili uone kosa liko wapi, lazima ujue kilichomo ndani ya kichupa.

Maskara ya kawaida ni mchanganyiko wa maji, nta (ya nyuki, ya mti wa carnauba, ya candelilla na nyinginezo), rangi, na kitu cha kuyaunganisha maji na nta. Kwa fomula nyingi kiunganishi hicho ni asidi ya steariki ikikutana na triethanolamine, na viwili hivyo vikiungana hutengeneza aina ya sabuni. Ndiyo maana maskara ya kawaida hutoka kwa maji na sabuni ya uso, na ndiyo maana machozi na jasho huifungua.

Ile ya "waterproof" imejengwa kwa njia nyingine. Nta na resini zimeyeyushwa ndani ya vimiminika vinavyovukiza haraka, mara nyingi isododecane. Kimiminika kikiondoka kinaacha utando unaoyakataa maji. Lakini vitu vinavyoyakataa maji kwa kawaida hupatana na mafuta. Utando ule unalegea ukiguswa na mafuta, na uso una mafuta kila mahali: yale ya ngozi yenyewe, yale ya tezi zilizopangana kwenye kingo za macho, krimu ya macho, kinga ya jua, na kificha madoa ulichopaka chini ya jicho. Kwa mwenye ngozi ya mafuta, "waterproof" ni ngao iliyoelekezwa upande asikotokea adui.

Kuna aina ya tatu ambayo haitajwi vya kutosha. Inaitwa "tubing", na inafanya kazi kwa polima zinazokauka zikiuzunguka kila ukope na kuuvisha mrija mwembamba. Mrija huo haufunguki kwa machozi wala jasho la kawaida, na mafuta ya ngozi hayauyeyushi kirahisi. Unalainika kwa maji ya uvuguvugu ukibonyezwa polepole, kisha unavuka mzima mzima. Utaona vijiti vyeusi vidogo kwenye vidole badala ya tope jeusi. Mara ya kwanza watu hushtuka wakidhani kope zao zimeng'oka. Hazijang'oka.

Basi fanya uchunguzi wa siku moja kabla hujanunua chochote. Paka maskara uliyonayo, endelea na shughuli, halafu mchana tazama alama imekaa wapi.

Alama ikiwa juu, kwenye ngozi iliyo chini ya nyusi au kwenye mkunjo wa jicho, maana yake kope zako zinaigusa ngozi hiyo kila unapofumbua macho, na mafuta yake yanaichukua rangi. Hili huwapata sana wenye macho yaliyofunikwa na ngozi ya juu na wenye kope ndefu. Dawa yake ni "tubing", pamoja na kuipangusa ngozi ile kwa karatasi laini na kuipaka poda kidogo kabla ya maskara.

Alama ikiwa chini, kwenye duara la jicho, angalia kwanza krimu na kificha madoa. Siku ya pili paka maskara bila krimu chini ya jicho. Alama ikipotea, maskara haikuwa na kosa. Ipe krimu muda wa kuingia kabla ya kupaka, au iweke mbali na kope. Alama isipopotea, jaribu "tubing" au acha kope za chini bila kitu. Kuziacha wazi kunasaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Michirizi inayoshuka pembeni ni machozi: upepo, kikohozi, mzio, kukata vitunguu, arusi. Hapa "waterproof" ina haki yake, na "tubing" nayo huvumilia vizuri.

Punje nyeusi mashavuni ni jambo jingine kabisa. Maskara imepukutika, haijayeyuka. Aidha imezeeka kwenye kichupa, au umerudia kupaka juu ya tabaka lililokwisha kukauka, au ni ile yenye nyuzi, au una tabia ya kufikicha macho bila kujua.

Hatua ya tatu: chagua brashi kwa uzito uleule unaochagulia rangi

Hadi katikati ya karne ya 20, maskara iliyozoeleka ilikuwa kibonge kikavu ndani ya kisanduku. Mtu alilowesha brashi ndogo, mara nyingi kwa mate, akaisugua kwenye kibonge. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Helena Rubinstein akatoa Mascara-Matic, maskara ya majimaji ndani ya kichupa chenye kijiti chake, na tangu hapo brashi na maskara vinauzwa pamoja. Matokeo yake tumesahau kwamba ni vitu viwili. Fomula nzuri yenye brashi isiyokufaa itakushinda, na fomula ya wastani kwa brashi sahihi hutoa kazi safi.

Brashi za kundi la kwanza zina nyuzi laini zilizosokotwa kwenye waya. Zinabeba maskara nyingi, zinaijaza kope, na zinafaa unene. Kundi la pili ni za plastiki au silikoni zilizotengenezwa kwa kalibu, zenye meno mafupi yaliyopangwa kwa nafasi. Zinabeba kidogo na zinachana vizuri, kwa hiyo ndizo za kope zinazosokotana, za kope fupi, na za mtu anayechukia madonge.

Umbo nalo lina maana. Brashi nene hailifikii shina la ukope mfupi bila kuchafua ngozi, wala haiingii pembe za ndani za jicho. Jicho dogo au kope fupi litafutiwe brashi nyembamba. Iliyopinda inafuata mviringo wa jicho na kuziinua kope za katikati. Iliyochongoka nchani inafika pembeni na inazipaka za chini bila vita. Ile yenye kiuno katikati huwasaidia wenye kope nyingi. Kwa kope chache sioni inachoongeza.

Sehemu ambayo karibu hakuna anayeiangalia ni kile kipete cha ndani ya shingo ya kichupa. Kazi yake ni kuikwangua brashi inapotoka. Kikibana vizuri, brashi inatoka na kiasi cha kupaka tu. Kikilegea, inatoka na bonge nchani na utamaliza maskara kwa kuipangusa kwenye mdomo wa kichupa, ambako itakauka na kuzuia kifuniko kisifunge sawasawa. Ukipata chupa ya kujaribia dukani, chomoa kijiti mara moja uone kinatoka vipi.

Hatua ya nne: soma orodha ya viambato

Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, ingawa vile vilivyo chini ya asilimia 1 na rangi za mwisho huweza kuwekwa kwa mpangilio wowote. Majina manne matano ya mwanzo yanatosha kukuambia umeshika nini, hata kama upande wa mbele umejaa mashairi.

Ukikuta "aqua" au "water" ikifuatwa na nta na asidi ya steariki ("stearic acid"), hiyo ni ya kawaida, inayooshwa. Ukikuta "isododecane" mwanzoni kabisa, ni "waterproof" hata kama halikuandikwa neno hilo kwa herufi kubwa. Maji yakifuatwa karibu karibu na majina yenye "acrylates copolymer", huenda umeshika ya mirija, ila polima hizo hutumika pia kwingine, kwa hiyo tafuta maelezo ya kuondoa: pakiwa na "warm water", yaani maji ya uvuguvugu, una uhakika zaidi. "Nylon", "rayon" au "silk" ni dalili ya nyuzi au unga wake.

Weusi wenyewe hutoka zaidi kwenye oksidi ya chuma, inayoandikwa CI 77499. Masizi safi ya kaboni, CI 77266, hutoa weusi mzito zaidi. Maneno kama "asilia" au "imejaribiwa na madaktari wa macho" yasikufunge. Hayakuambii imejaribiwa kwa nani wala imeleta nini. Kama unajua una mzio wa kitu fulani, kitafute kwa jina lake. Manukato ("parfum", "fragrance") hayana kazi yoyote kwenye maskara na macho mepesi kuwasha yayaepuke.

Ogopa zaidi bidhaa isiyo na orodha kabisa, isiyo na namba ya toleo, au yenye maandishi yaliyokosewa herufi. Maskara bandia hukaa milimita chache kutoka kwenye mboni. Bei inayoshangaza kwa jina kubwa, boksi lisilo na kizuizi cha kufunguliwa, harufu ya petroli au ya kuoza: rudisha.

Rangi

Hapa sitakaa. Nyeusi inamfaa karibu kila mtu mwenye kope nyeusi. Kahawia iliyokolea ni nzuri kwa anayetaka kuonekana kama hajapaka kitu, na kwa mwenye kope za rangi hafifu ambazo nyeusi ingezifanya zionekane ngumu. Bluu na zambarau zinapendeza zaidi kwenye ncha tu, juu ya nyeusi. Usijaribu kuzipaka kope rangi ya nywele ili kuepuka maskara. Miaka ya 1930 nchini Marekani rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya paraphenylenediamine ambayo bado imo kwenye rangi nyingi za nywele, iliharibu macho ya wanawake kadhaa na mmoja akafariki. Kisa hicho ni miongoni mwa vilivyosukuma sheria ya vipodozi ya nchi hiyo ya mwaka 1938.

Macho yenye masharti yake

Wanaovaa lenzi machoni waepuke maskara ya nyuzi, kwa sababu uzi ukiingia chini ya lenzi utakaa hapo ukikwaruza. "Waterproof" nayo si rafiki: ikigusa lenzi huacha doa lisilotoka kwa maji, na kiondozi chake cha mafuta huichafua lenzi. Iliyo salama zaidi kwao ni ya kawaida isiyopukutika, au ya mirija. Vaa lenzi kwanza, paka baadaye. Usiku toa lenzi kwanza, ondoa maskara baadaye.

Waliobandika kope za bandia za moja moja wasitumie "waterproof" kamwe, maana kiondozi cha mafuta hulegeza gundi, na kusugua huzing'oa pamoja na zao za asili. Mara nyingi hawahitaji maskara yoyote.

Mwenye kingo za macho zinazovimba, kuwasha au kutoa magamba asitafute maskara ya "macho mepesi"; apumzike kwanza na amwone daktari. Tezi za mafuta za macho zina vitundu vyake kwenye ukingo huohuo, na kuvifunika kwa nta kila siku kunaongeza shida. Hata mwenye macho mazima asipake kwenye ukingo wa ndani, upande wa mboni.

Dukani

Usipake maskara ya kujaribia kwenye kope zako, hata kama muuzaji anasema imesafishwa. Brashi ile imepita macho ya watu usiowajua. Kama kuna vijiti vya kutumia mara moja, chovya mara moja, paka nyuma ya kiganja, tupa. Kwenye kiganja utaona mambo matatu: imekauka kwa muda gani, ikikauka inapukutika ukikunja ngozi, na ukiigusa kwa kidole chenye mafuta kidogo inafuata kidole au inabaki. Hilo la tatu lina thamani kuliko maelezo yote ya boksi.

Ukikuta kichupa kidogo cha toleo lilelile, nunua hicho kwanza. Maskara haidumu, na kichupa kikubwa cha mililita 10 huenda ukakitupa kikiwa na nusu.

Jaribio la nyumbani

Maskara mpya haihukumiwi siku ya sherehe. Chagua siku ya kawaida na ufanye hivi.

Kope ziwe safi na kavu. Kama unazikunja, zikunje sasa, kabla ya maskara: bana karibu na shina kwa sekunde chache, legeza, sogea katikati, bana tena kwa nguvu ndogo. Kuzikunja baada ya maskara kukauka ni kuzikata.

Toa kijiti kwa kukizungusha polepole. Usikisukume ndani na nje. Unaingiza hewa inayokausha maskara na vijidudu vinavyozaliana humo. Pangusa ncha ya brashi kwenye karatasi safi.

Tazama chini, weka brashi shinani, itikise kushoto na kulia mara mbili tatu, kisha ivute hadi nchani. Kule shinani ndiko weusi unakotakiwa. Tabaka la pili lipake la kwanza likiwa bado bichi kidogo. Likishakauka kabisa, acha. Kope za chini zipake kwa ncha ya brashi ikiwa imebaki na maskara kidogo mno.

Rangi ikigusa ngozi usiifute papo hapo. Iache ikauke, kisha ikwangue kwa kijiti cha pamba kikavu na itatoka bila kuacha kivuli.

Jicho moja lipake maskara mpya, lingine ile ya zamani. Hakuna atakayegundua, na mchana utakuwa na jibu ambalo kumbukumbu ya wiki iliyopita haiwezi kukupa. Tazama alama, punje, ukavu, muwasho. Jicho likichoma au kuwa jekundu, ondoa mara moja na usiipe nafasi ya pili.

Usiku

Nilisema uamue utaiondoaje kabla ya kununua, na hii ndiyo sababu: maskara nyingi haziharibu kope zikiwa zimepakwa, zinaziharibu zinapotolewa. Kope zilizokatika katikati ni kazi ya kusugua.

Ya kawaida inatoka kwa sabuni laini ya uso au maji ya kuondolea vipodozi. Ya mirija inataka maji ya uvuguvugu: lowesha pamba au vidole, zibonyeze kope taratibu, vuta kuelekea chini. Usitumie mafuta kwa hii. Yataitelezesha bila kuivua. "Waterproof" inataka mafuta, au kile kiondozi cha tabaka mbili kinachotikiswa kabla ya kutumia. Lowesha pamba, fumba jicho, iweke juu yake, iache kwa nusu dakika bila kufanya chochote, kisha ivute chini. Nusu dakika hiyo ndiyo watu wanayoiruka. Kama unajijua hutakuwa na subira nayo kila usiku, usinunue "waterproof" ya kila siku. Iweke kwa siku za machozi na kuogelea.

Kulala nayo si jambo dogo. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Ophthalmology lilichapisha kisa cha mwanamke aliyetumia maskara nzito kwa zaidi ya miaka 25 bila kuiondoa vizuri; madaktari walikuta vinundu vyeusi vimejijenga chini ya ngozi ya ndani ya jicho lake.

Muda wa kuitupa

Kwenye kichupa kuna mchoro wa kopo lililofunguliwa kifuniko, lenye namba kama 3M au 6M. Hiyo ni miezi tangu ufungue. Kwa maskara ya majimaji, miezi mitatu ndiyo ninayoishika hata kichupa kikisema sita, kwa kuwa kila unaporudisha brashi unarudisha na kilichokuwa kwenye kope. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu chini ya kichupa. Ikianza kunuka tofauti, kukauka au kutoa punje, muda wake umeisha hata kama tarehe haijafika. Usiilegeze kwa maji, mate wala matone ya dawa ya macho. Unapunguza nguvu ya vihifadhi vilivyokuwa vinazuia bakteria. Usiiache kwenye gari lililopigwa na jua, na usiipake gari likiwa linatembea, maana brashi ikiteleza hukwaruza mboni.

Usimwazime mtu, hata dada yako. Ukiugua macho mekundu, tupa uliyokuwa ukitumia pamoja na brashi yake. Kichupa kilichoisha muda bila ugonjwa kina kitu kimoja cha kuokoa: ioshe brashi kwa sabuni na maji ya moto mpaka povu litoke jeupe, ikauke, na utakuwa na kitana cha kutenganisha kope zilizogandana na kulaza nyusi.